Iomega ya 1996: walipatia mauzo, wakakosea bei

Swali la msomaji: Mimi ni mhasibu, niko Dodoma. Hisa za SanDisk, watengenezaji wa flashi, zilipopaa mwaka 2025, karibu kila mjadala niliousoma ulirudi kwa Iomega, kampuni ya Marekani ya vifaa vya kuhifadhia data, ya miaka ya 1990. Kuna wanaosema ule ulikuwa upepo mtupu, na kuna wanaosema ilikuwa kampuni nzuri iliyouawa na flashi. Walionunua Iomega walikuwa na sababu gani, hesabu yao ilikosea wapi, na nikifungua ripoti ya kampuni ya aina hiyo leo nianzie wapi?

Jibu: Haukuwa upepo mtupu, na flashi imesingiziwa. Flashi za kwanza za USB ziliingia sokoni mwaka 2000, na ile iliyouzwa na IBM ilikuwa na megabaiti 8 tu. Wakati huo hisa za Iomega zilikuwa zimeshaporomoka miaka kadhaa. Jambo lenyewe ni chungu zaidi ya hapo: walioiamini Iomega walipatia karibu kila kitu kuhusu bidhaa na mauzo yake, na aliyenunua kileleni akaumia vilevile.

Tuanze na bidhaa, maana bila kuielewa utadhani watu walirukwa na akili. Iomega ilianzishwa mwaka 1980 huko Roy, jimbo la Utah, Marekani. Kwa miaka mingi iliishi kwa kuuza Bernoulli Box, chombo cha kuhifadhia data kilichokuwa ghali na kununuliwa zaidi na maofisi. Mwanzoni mwa 1994 akaingia mkurugenzi mkuu mpya, Kim Edwards, na Machi 1995 kampuni ikaanza kuuza Zip: kiboksi cha rangi ya buluu kisichofika dola 200, chenye diski za kuchomoa za megabaiti 100, kila moja kama dola 20.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mbunifu wa matangazo wa mwaka huo. Una faili la picha la megabaiti 60 linalotakiwa kiwandani kwa mchapaji. Flopi moja, diski ya kawaida ya wakati ule, inabeba megabaiti 1.44, kwa hiyo unahitaji flopi 42. Unazijaza moja baada ya nyingine, unaziandika namba, unazifunga na mpira, unampa dereva. Huko kiwandani flopi namba 31 ikigoma kusomeka, kazi yote imekwenda na maji. Zip ilimaliza balaa hilo kwa diski moja inayoingia mfukoni, tena kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliweza kujichanga akaipata. SyQuest ya Fremont, California, ndiyo iliyokuwa imelishika soko la wachapaji kabla ya hapo, lakini vifaa vyake vilikuwa ghali.

Kwa hiyo matumaini yalikuwa na miguu. Mauzo ya Iomega mwaka 1994 yalikuwa dola milioni 141. Mwaka 1995 yakafika milioni 326, mwaka 1996 yakavuka bilioni 1.2, na 1997 yakawa karibu bilioni 1.74. Wawekezaji wadogo walioelezana habari kupitia America Online, huduma ya mtandao ya wakati ule, hawakusubiri ripoti. Walizunguka madukani kuuliza kama Zip zipo, wakaambiwa zimekwisha. Kuna aliyekwenda hadi Roy siku ya mapumziko kuhesabu magari kwenye maegesho ya kiwanda, ajue kama zamu zinaendelea. Huo ni utafiti wa maana. Wachambuzi wengi wa Wall Street waliokaa ofisini mwaka huo walijua machache kuliko hao.

Kosa lilikuwa kwenye swali waliloliacha. Walijiuliza, "Zip zitauzika?" Hawakujiuliza, "Bei ya hisa leo inadai Zip ngapi?" Swali la pili ni la hesabu tupu, na wewe mhasibu utalimaliza kwenye kipande cha karatasi.

Mei 1996 hisa moja ilivuka dola 50. Tuchukue 50 kamili. Hisa zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa kama milioni 120, hivyo kampuni nzima ilikuwa inauzwa kwa dola bilioni 6. Faida halisi ya 1995 ilikuwa milioni 8.5. Mnunuzi alikuwa analipa mara 700 ya faida. Mtetezi atakwambia faida ya mwaka uliopita si kipimo cha kampuni inayokua, na ana haki. Basi mpe faida ya mwaka mzima wa 1996 kabla haijatangazwa: milioni 57. Bado ni mara 105. Mwongezee na ya 1997, mwaka wa kilele cha mauzo, ambayo mwezi ule hakuna aliyeweza kuijua: milioni 115. Ni mara 52.

Igeuze hesabu. Kampuni ya vifaa vya kompyuta iliyokwisha kukomaa ukiithamini kwa mara 15 ya faida, si kwamba umeionea. Ili bilioni 6 iwe mara 15, faida inatakiwa iwe milioni 400 kwa mwaka. Katika kila dola 100 za mauzo ya 1997, Iomega ilibakiwa na kama dola 6.60. Ipe 7. Inatakiwa iuze bilioni 5.7 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara 17 ya mauzo ya 1995. Kampuni ikakua zaidi ya mara tano ndani ya miaka miwili, jambo la nadra mno kwa mtengenezaji wa vifaa, na haikufika hata theluthi moja ya kile ambacho bei ilikuwa imeshakilipia.

Kulikuwa na vitu viwili vilivyoipandisha bei na ambavyo havikuhusu Zip hata kidogo. Cha kwanza ni mgawanyo wa hisa: kila moja ikawa tatu mwanzoni mwa 1996, kisha kila moja ikawa mbili Mei mwaka huohuo. Ni kama kumega chapati vipande sita badala ya kimoja. Hakuna unga ulioongezeka, ila watu hushangilia. Cha pili ni wauzaji wa hisa za kuazima. Hawa huazima hisa kwa dalali, huziuza, na kutegemea kuzinunua tena kwa bei ya chini ili wazirudishe. Bei ikiwapandia, dalali anawadai dhamana zaidi, wanalazimika kununua haraka, na ununuzi wao wenyewe unaisukuma bei juu zaidi. Iomega ilikuwa na wauzaji wa namna hiyo wengi. Kwa hiyo sehemu ya ile bei iliwekwa na watu waliokuwa wanaikimbia kampuni, si waliokuwa wanaiamini.

Tuje kwenye faida yenyewe ilikotoka, maana hapa ndipo kuhesabu viboksi dukani kulipowapoteza watu. Unaijua biashara ya printa na katriji: printa unauziwa kwa bei ya kutupa, halafu wino unakukamua miaka mitatu. Zip ilikuwa hivyohivyo. Kiendeshi, yaani kile kiboksi chenyewe, kiliacha faida nyembamba, diski ndiyo iliyolisha kampuni. Chukua namba za kupigia mfano tu: kiendeshi kinaacha dola 10, diski moja inaacha dola 8. Mteja wa diski 10 anaacha dola 90. Mteja wa diski moja anaacha 18. Kwenye rafu ya duka wateja hawa wawili wanafanana kabisa, kila mmoja amebeba kiboksi kimoja.

Na kadiri bidhaa inavyosambaa, mteja wa pili ndiye anayeongezeka. Walionunua mwanzo ni wachapaji, wabunifu na maofisi yanayopelekeana mafaili kila siku. Hao walibeba diski kwa pakiti. Waliofuata walinunua kompyuta iliyokuja na Zip ndani yake, wakahifadhi barua na picha za familia kwenye diski moja, basi. Tena kile kiendeshi cha ndani kilinunuliwa na mtengenezaji wa kompyuta kwa mkupuo, na mnunuzi wa mkupuo habembelezi bei, anaipanga. Kwa hiyo idadi ya viendeshi ingeweza kupanda robo baada ya robo huku faida ya kila kimoja ikipungua. Namba ya kuitafuta ni diski ngapi zimeuzwa kwa kila kiendeshi kilichopo mikononi mwa watu, si kwa kila kiendeshi kilichouzwa robo hiyo.

Biashara ya wino pia inasimama pale tu ambapo hakuna mwingine anayeuza wino unaoingia kwenye printa yako. Kampuni ya Kifaransa, Nomai, ilitengeneza diski zinazoingia kwenye Zip. Iomega iliifungulia kesi, kisha mwaka 1998 ikainunua. Kampuni inayolazimika kumnunua mtu ili aache kutengeneza diski imekuonyesha yenyewe uhai wake uko wapi.

Mshindani aliyeumiza hasa hakuwa na haja ya kuigiza Zip. Pima kila kitu kwa senti kwa megabaiti. Diski ya Zip, dola 20 kwa megabaiti 100, ni senti 20. CD ya kurekodi inabeba 650. Mwaka 1995 mashine ya kuirekodi ilikuwa ghali mno kwa mtu wa nyumbani, kwa hiyo haikuhesabiwa. Lakini CD tupu iliposhuka hadi dola 2, megabaiti moja ikawa theluthi ya senti: mara 60 chini ya Zip. Isitoshe, karibu kila kompyuta tayari ilikuwa na kisoma CD, kwa hiyo anayepokea hakuhitaji kununua chochote. CD ya kurekodi ilikuwa na kasoro zake, huwezi kuandika na kufuta kama kwenye Zip, lakini kwa senti ile mtu anaichoma, anaitupa, anachoma nyingine. Ndiyo maana nasema flashi imesingiziwa; ilifika kwenye matanga.

Halafu kuna mlio uliotoka kwenye Zip. Ndani ya diski ya Zip kuna sahani laini kama ya flopi, inayozunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, wakati ya flopi huzunguka 300. Vichwa vya kusomea ni vidogo na vinapita karibu mno na sahani. Kiendeshi kikishindwa kuona njia yake juu ya sahani, hurudisha vichwa nyuma na kujaribu upya, tena na tena, na ndipo unasikia tak, tak, tak. Wateja waliuita mlio wa mauti. Kibaya zaidi, diski iliyochanika ukingoni iliweza kuharibu vichwa vya kiendeshi kingine. Mtu anasikia mlio, anadhani mashine yake ndiyo mbovu, anapeleka diski kwa mwenzake kujaribu, sasa mashine mbovu ni mbili. Mwaka 1998 wateja walifungua kesi ya pamoja, ambayo mwishowe iliishia kwa kupewa punguzo la bei kwenye bidhaa.

Kwa mwekezaji, funzo la mlio huo liko kwenye kalenda. Kiendeshi kilichouzwa leo kinaingia kwenye mauzo ya leo. Kikifa mwakani, gharama ya kukibadilisha inaangukia vitabu vya mwakani, isipokuwa akiba ya dhamana, yaani fedha za kugharamia bidhaa zitakazoharibika, imewekwa ya kutosha mapema. Kampuni inayokua kwa kasi daima ina bidhaa nyingi changa ambazo hazijapata muda wa kuharibika. Mwaka wa ukuaji unapendeza kuliko ulivyo.

Yote haya yalikutana 1998. Mauzo yalishuka kutoka bilioni 1.74 hadi kama 1.69, chini ya asilimia 3. Mtu wa kawaida angesema si kitu. Lakini faida ya milioni 115 iligeuka hasara ya milioni 54, sehemu yake ikiwa gharama za kupanga upya shughuli. Bei zilikuwa zinakatwa, matangazo yalikuwa makubwa, viwanda vilijengwa kwa ukuaji ambao haukuja. Edwards alijiuzulu Machi mwaka huo. SyQuest, ambayo mwaka wa fedha wa 1996 peke yake ilipoteza zaidi ya dola milioni 130 ikipigana vita vya bei, iliomba kinga ya mufilisi Novemba 1998. Kuna wakati mshindani wako anakufa na wewe hupati nafuu yoyote, kwa sababu soko lenyewe ndilo linalokwenda.

Tuandike leja ya mtu mmoja. Amenunua hisa 100 Mei 1996 kwa dola 50, baada ya mgawanyo wa mwezi ule: dola 5,000. Desemba 1997 kila hisa inagawanywa mbili, ana 200. Mwaka 2001 kampuni inaunganisha kila hisa tano kuwa moja; ana 40. Mwaka 2003 inatolewa gawio la mara moja la dola 5 kwa hisa, anapokea 200. Mwaka 2008 EMC, kampuni kubwa ya Marekani ya vifaa vya kuhifadhia data, inainunua kampuni nzima kwa dola milioni 213, dola 3.85 kwa hisa, anapokea 154. Jumla dola 354 baada ya miaka 12, kabla ya kodi. Aliyeingia mapema 1995 akatoka Mei 1996 alivuna mara nyingi ya mtaji wake. Kampuni ile ile, bidhaa ile ile.

Sasa ripoti. Kampuni za Marekani huwasilisha ripoti ya 10-Q kwa robo tatu za kwanza za mwaka na 10-K kwa mwaka mzima kwa tume ya masoko ya mitaji, SEC, na zote zinasomeka bure kwenye EDGAR, hifadhi ya tume hiyo mtandaoni. Usianzie kwenye barua ya mkurugenzi. Anzia kwenye idadi ya hisa, ile iliyojumlisha hisa zitakazozaliwa na hati fungani zinazogeuzwa kuwa hisa na hisa walizoahidiwa wafanyakazi, uizidishe na bei ya leo, kisha fanya ile hesabu ya kugeuza: faida gani inadaiwa, na mauzo gani ya kuileta. Ukifika kwenye jibu linalotaka kampuni imiliki soko lote la dunia, umeshaokoa saa tatu za kusoma.

Kisha nenda ghalani. Gawanya thamani ya bidhaa ghalani kwa gharama ya mauzo ya robo, zidisha kwa 90. Ghala la milioni 200 juu ya gharama ya milioni 300 ni siku 60. Robo inayofuata ghala likiwa 280 na gharama 310, ni siku 81. Mauzo yamepanda, gazeti limeshangilia, lakini mzigo umeanza kulala. Kwa vifaa vya kuhifadhia data mzigo uliolala unaoza, kwa sababu bei kwa megabaiti inashuka kila mwezi. Fanya hivyo pia kwa wadaiwa. Wakiongezeka haraka kuliko mauzo, pengine kampuni imewasukumia wenye maduka mzigo mwisho wa robo kwa masharti laini.

Kuna kitu hapo ambacho wengi hukipita bila kukiona: ulinzi wa bei. Mtengenezaji humwahidi mwenye duka kwamba akishusha bei, atamrudishia tofauti kwa mzigo ambao bado uko rafuni. Kiendeshi kikishuka kutoka dola 199 hadi 149 na maduka yana viendeshi 200,000, tofauti ya rejareja ni milioni 10. Ya jumla itakuwa pungufu kidogo, lakini inatoka mfukoni mwa mtengenezaji robo hiyohiyo. Maelezo yake yako kwenye vidokezo vya hesabu, karibu na sera ya kutambua mapato. Soma na kidokezo cha akiba ya dhamana ukiwa huko huko: inakua sambamba na mauzo, au inabaki nyuma? Mwisho linganisha faida na fedha taslimu iliyotokana na shughuli. Faida inayopanda miaka miwili bila fedha kufuata iko ghalani au kwa wadaiwa.

Kuhusu SanDisk, tahadhari na kufananisha haraka. Ilitenganishwa na Western Digital Februari 2025, na kufikia Desemba bei ilikuwa imezidi mara nne. Jina lake unaliona kwenye memori kadi za maduka ya simu, lakini kadi hizo si sababu ya kupaa. Kinachouzwa ni chipu za kumbukumbu, zinazotengenezwa Japani kwa ubia na Kioxia, na mnunuzi aliyewasha soko ni vituo vya data vya akili unde. Hapa hakuna wino wa printa. Chipu ya SanDisk inapigana na ya Samsung, SK Hynix na Micron karibu kama mchele wa gunia hili na wa gunia lile, na bei yake hupanda na kushuka kwa mawimbi: uhaba, faida kubwa, kila mtu anaongeza mitambo, mzigo unafurika, hasara. Mwaka wa fedha ulioishia katikati ya 2025 SanDisk iliandika hasara ya dola bilioni 1.6, sehemu kubwa ikitokana na kufuta thamani ya jina (goodwill) iliyokuwa vitabuni.

Kwa biashara ya mawimbi, ule uwiano wa bei kwa faida uliotuonya kwa Iomega unaweza kukudanganya kwa upande wa pili. Kileleni faida ni kubwa mno, hivyo uwiano unaonekana mdogo na hisa inaonekana rahisi. Bondeni hakuna faida, hivyo inaonekana ghali au haipimiki. Badala ya faida ya mwaka mmoja, chukua wastani wa wimbi zima, miaka mitano hadi saba, mwaka wa hasara ukiwemo. Hesabu za kabla ya 2025 za kitengo hicho ziko kwenye hati ya kujitenga na ndani ya ripoti za Western Digital, chini ya sehemu ya flashi. Na kila robo andika pembeni bei kwa gigabaiti na fedha zinazowekwa kwenye mitambo mipya, za SanDisk na za washindani wote wanne, Kioxia akiwemo.